Namba kwenye kioo cha lori ya mzee Deng

Jamani, leo kijasho chembamba kimenitoka mbele ya kioo cha lori.

Mnajua kazi yangu hapa Arua, kung'arisha malori ya zamani. Asubuhi mzee Deng, mfanyabiashara wa Juba, akaniletea yake.

Nikasugua fremu za madirisha mpaka zikawaka. Nikahamia kioo cha dereva, kimejaa ukungu wa vumbi.

Pembeni ikatokea namba ya gari, ile tunachora kwenye vioo ili wezi wasiibe.

Lakini si namba ya lori hii!

Saba yake imekatwa kistari katikati. Nani mwingine anakata saba hivyo? Ni mkono wangu. Niliichora kwenye lori ya kaka yangu Rajabu, ile alienda nayo Juba. Hakurudi yeye, wala lori.

"Mzee, hii kioo umetoa wapi?"

"Mjini Koboko, wiki jana. Ya kwangu ilivunjika."

Akaniangalia sana.

"Mutu mwenye aliniuzia iko na sura kama yako. Hata nilipofika hapa, nilidhani ni wewe."

Rajabu tulishamsomea hitma, jamani.

Sasa mama ananiita, chakula kinapoa.

Nimwambie nini?