Mpishi wa Brændmose na Kipande Ambacho Hakuna Anayekichukua

Saa nane na nusu mchana, mikono ya Dagny Overgaard imezama hadi karibu na viwiko ndani ya beseni la nyama ya nguruwe ya kusaga. Anakanda polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kilo kumi za nyama, kilo mbili za oti zilizolowekwa kwenye maziwa tangu asubuhi, karoti za kukwaruza, vitunguu, mayai, chumvi, pilipili manga na kungumanga kidogo.

“Nyama ni ya kuleta ladha tu,” anasema bila kuinua kichwa. “Kushibisha ni kazi ya oti na viazi. Ukiwaambia kabla hawajala, wananuna. Ukiwaambia wakishakula, wanakuomba uwaandikie namna ya kupika.”

Hili ni jiko la ukumbi wa kijiji cha Brændmose, kaskazini mwa Jutland, nchini Denmark. Kila Jumatano jioni watu themanini na wanne huketi hapa kwenye meza kumi na nne na kula pamoja. Mtu mzima hulipa krona arobaini na tano, mtoto ishirini. Kwa bei hiyo, mjini utapata kahawa, na keki utaitazama kwenye kioo.

Leo wanakula sungura wa uongo. Sungura hayumo wala hajawahi kuwamo. Ni mkate mrefu wa nyama ya kusaga uliofunikwa kwa bekoni, unaoliwa na viazi, rojo ya kahawia na jamu nyekundu. Watu wa hapa wamekula chakula hiki tangu wakiwa na meno mawili, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amedanganywa.

Lakini Jumatano hii si kama nyingine. Baada ya chakula kuna mkutano mkuu wa ukumbi, na ajenda ya sita inamhusu Dagny moja kwa moja. Kamati inapendekeza chakula kianze kuletwa tayari kutoka kiwandani, kila mtu na kisahani chake cha plastiki, kikapashwe moto na kugawiwa. Pendekezo likipita, kazi ya Dagny itakwisha mwishoni mwa Mei.

Ana miaka sitini na moja. Kwa miaka ishirini na mitatu alipikia wafanyakazi wa machinjio katika mji wa jirani, mpaka machinjio yalipofungwa. Akakaa miaka miwili bila kazi.

“Kichwani nilikuwa bado napika sufuria ya watu mia mbili,” anasimulia. “Halafu nafungua jokofu, natoa yai moja.”

Ukumbi ulipomwajiri miaka tisa iliyopita, kwa siku tatu za wiki, alikubali kabla hajaulizia mshahara. Sasa, kodi ikishakatwa, hubaki na kama krona elfu tisa kwa mwezi. Si nyingi. Zinatosha kodi ya nyumba, umeme, na zawadi za wajukuu wawili wanaoishi Aalborg.

Kando ya dirisha, Rigmor Thisted, mwenye miaka themanini na sita, anamenya viazi. Hakuna aliyemwajiri. Alikuja Jumatano moja kuazima sufuria na hajaacha kuja.

“Unavimenya vinene,” Dagny anamwambia.

“Nimemenya viazi tangu kabla mama yako hajaolewa.”

“Ndiyo maana nashangaa.”

Mlango unafunguliwa na Ejvind Toft anaingia, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye miaka sabini na minne. Mkononi ana mizani. Kwa wiki nne zilizopita amekuwa akipima mabaki ya chakula, na matokeo ameyabandika ukumbini kwa mwandiko ulionyooka kama reli. Kila Jumatano, kila meza imebakisha kipande kimoja cha nyama. Meza kumi na nne, vipande kumi na vinne, vyote ndooni. Kwa hesabu za Ejvind, ama chakula ni kingi mno, ama watu hawakipendi.

“Kamati haina kinyongo na mtu, Dagny,” anasema, akiiweka mizani karibu na sinki. “Tunatupa chakula. Cha kiwandani kinakuja kimepimwa.”

“Nimeshakwambia. Kile ni kipande cha aibu.”

“Huo ni mdomo. Mizani ni mizani.”

Aliyekulia Brændmose anajua Dagny anazungumzia nini. Kipande cha mwisho kwenye sahani hakichukuliwi. Anayekichukua ameonyesha mbele ya majirani kwamba ana tamaa, au kwamba nyumbani kwake hawali. Basi kipande kinabaki. Wakati mwingine mtu hukikata nusu, mwenzake akaikata nusu hiyo nusu, mpaka kinabaki kitu cha ukubwa wa ukucha, nacho pia hakina mwenyewe.

“Na pale mezani kwako, kipande cha mwisho anakiacha nani?” Rigmor anauliza kutoka dirishani.

Ejvind anakohoa. “Mimi siwezi kukichukua. Mimi ni mwenyekiti.”

“Haya, kijana.”

“Nina miaka sabini na minne, Rigmor.”

“Nilikubeba ukiwa kwenye nepi. Nitakuita ninavyotaka.”

Wiki mbili kabla, Dagny alijaribu kumaliza tatizo kwa kisu. Kwa kawaida mkate wa kila meza hukatwa vipande kumi na viwili, viwili kwa kila mtu. Siku ile aliukata kumi. Alidhani watu wakiona ni kidogo, watamaliza.

Hawakumaliza. Meza zote kumi na nne zilibakisha kipande kimoja kama ilivyo ada, tofauti ikawa kwamba sasa watu walikuwa na njaa. Mkulima mmoja, Knud-Erik Bisgaard, alikiri baadaye kwamba alipofika nyumbani alikula vipande vinne vya mkate mweusi wa nafaka ya rai akiwa amesimama, koti bado mwilini.

“Nililia siku ile,” Dagny anasema, na sauti yake haibadiliki. “Si kwa ajili ya kazi. Nililia kwa sababu watu walitoka kwangu na njaa. Miaka tisa haijatokea.”

Saa kumi na moja na nusu ukumbi unaanza kujaa. Hapa watu hula saa kumi na mbili kamili, na anayechelewa hata dakika moja huingia akiomba radhi. Kwenye meza ya tatu ameketi Tilde Nørskov, mama wa miaka ishirini na tisa aliyehamia kijijini mwaka jana. Kifuani amembeba mtoto wa miezi mitano, pembeni yuko Vigga, binti yake wa miaka mitano, mwenye maswali mengi kuliko meno.

“Jumatano ndiyo siku pekee ninayokula chakula cha moto kikiwa bado cha moto,” Tilde anasema. Kabla hajamaliza sentensi, bibi wa meza ya jirani ameshamchukua mtoto na kumweka begani. Hakuomba. Amenyoosha tu mikono.

Wanaimba wimbo mmoja kwanza, beti zote, hata zile ambazo hakuna anayezikumbuka vizuri. Kisha Dagny anatoka jikoni. Desturi ni kwamba mpishi hutaja chakula kwa sentensi moja na kurudi zake. Kwa miaka tisa hajawahi kusema sentensi ya pili.

“Leo ni sungura wa uongo, viazi vimemenywa na Rigmor,” anasema.

Anabaki amesimama. Mikono anaifuta kwenye aproni, ingawa ni mikavu.

“Halafu kuna jambo. Kuanzia leo kila meza itaosha vyombo vyake. Muoshaji ni yule atakayekula kipande cha mwisho. Kwa hiyo nikikuta kipande kimebaki, nitajua hapo hapana mtu anayetaka kufanya kazi.”

Anarudi jikoni.

Kwa kitambo, sauti ni ya vijiko na rojo tu. Viazi vinapita, jamu inapita, mtu anaomba chumvi. Sahani za nyama zinapungua mpaka kila meza inabakiwa na kipande kimoja, na kila meza inakitazama.

“Mama,” Vigga anauliza kwa sauti ya kusikika meza ya kumi na nne, “sasa ni nani mvivu?”

Knud-Erik, aliyekaa mkabala naye, ananyoosha uma. “Nipe mimi. Jikoni kuna joto, na mimi nina baridi.”

“Wewe una mgongo mbaya,” mkewe anamwambia. “Nitakula mimi.”

“Uliosha jana.”

“Na wewe ulikula jana pia.”

Wakati wanabishana, fundi bomba wa meza ya pili ameshatia kipande mdomoni na anakunja mikono ya shati. Meza ya tano wanawake wawili wanakigombania kwa upole wa kutisha, kila mmoja akisisitiza kwamba mwenzake amechoka. Mambo yamegeuka. Aliyekuwa akionekana mlafi sasa anaonekana mchapakazi, na katika kijiji hiki hakuna anayekubali jirani yake amzidi kwa uchapakazi.

Kwenye meza ya kwanza, Ejvind anakitazama kipande chao kwa muda mrefu. Watu watano wanamtazama yeye.

“Lazima mtu aoshe,” anasema hatimaye, kana kwamba anatoa hukumu, na anakila kwa matonge madogo matatu, chote.

Dakika kumi baadaye jiko limejaa waoshaji kumi na wanne waliosimama bega kwa bega mbele ya sinki mbili. Maji yanaruka. Knud-Erik ameshinda ubishi wake na amevishwa aproni yenye maua.

“Hakikuwa kibaya sana,” anamwambia Dagny.

Katika sehemu hizi hakuna sifa inayozidi hiyo. Dagny anageukia jiko haraka na kuanza kufuta mahali palipokwisha futwa.

Ejvind, mikono bado na povu, anaiweka ndoo ya mabaki juu ya mizani. Gramu mia tatu na arobaini: rojo, jamu, na kiazi kimoja kilichoanguka sakafuni. Wiki iliyopita ilikuwa zaidi ya kilo mbili. Anaishusha ndoo, anaipandisha tena, anainama kuangalia mshale.

“Ukiikodolea macho itaongezeka?” Rigmor anauliza.

Mkutano unaanza saa moja na nusu. Dagny haingii. Amejiandikia jikoni orodha ya manunuzi ya wiki ijayo, kisha ameiweka kando, kwa sababu hajui kama kuna maana ya kuiandika. Kupitia mlango anasikia ajenda ya kwanza mpaka ya tano, ambazo ni paa, paa tena, mti ulioanguka, mlango wa choo na taa za Krismasi.

Kwenye ajenda ya sita Ejvind anasoma namba za wiki nne. Kisha anasoma ya leo. Mtu mmoja anasema jioni moja haithibitishi chochote, na Ejvind anakubali kwamba ni kweli, kihesabu haithibitishi.

“Lakini lazima niongeze,” anasema, “kwamba kwa wiki nne nilikuwa napima adabu zetu, nikaandika kwamba ni mapishi. Hilo ni kosa langu, naomba liingie kwenye kumbukumbu.”

Mikono inainuliwa. Hamsini na mmoja wanataka jiko libaki, kumi na tisa wanataka cha kiwandani, waliobaki hawajaamua. Uamuzi utaangaliwa upya kwenye mkutano mkuu wa mwakani.

Rigmor ndiye anayepeleka habari jikoni. “Umepata mwaka mmoja,” anasema.

Dagny anaketi juu ya kreti ya viazi. Anakaa pale kwa muda, viganja juu ya magoti. Halafu anaivuta ile orodha na kuendelea palepale alipoishia: mayai mia moja na sitini na nane. Jumatano ijayo ni mayai ya kuchemsha kwenye rojo ya haradali, mawili kwa kila mtu, chakula cha bei ndogo kuliko vyote anavyovijua.

Mwaka mmoja, anasema, si mrefu. Kustaafu kwake bado kuna miaka sita, na anajua kura inaweza kugeuka. Kwa hiyo ana mpango. Kuanzia Aprili, kila Jumanne baada ya kazi, anataka kufundisha bure mtu yeyote anayetaka kujua kulisha watu wengi kwa vitu vichache: namna ya kukaanga kitunguu bila haraka, namna ya kupata rojo kutoka kwenye maji ya viazi, namna ya kuifanya kilo moja ya nyama itoshe watu wanane nao wasijue.

Alhamisi asubuhi amebandika karatasi ya kujiandikisha kwenye mlango wa ukumbi. Kufikia mchana ina majina matatu. La kwanza ni la Tilde, ambaye ameandika kwamba atakuja na watoto wote wawili kama haitamsumbua mtu. Dagny ameandika chini yake: *Waje.* La pili ni Knud-Erik. La tatu limeandikwa kwa mwandiko ulionyooka, na ni la Ejvind Toft, ambaye tangu mkewe afariki miaka mitatu iliyopita amekuwa akila samaki wa kopo, siku sita kwa wiki.

Dagny anayasoma majina, vidole vikiwa mfukoni mwa koti.

“Nataka siku moja niumwe,” anasema. “Nilale nyumbani na homa yangu, na Jumatano ipite, watu washibe, waimbe, waende zao. Wagundue sikuwepo kwa sababu tu hakuna aliyewafokea kuhusu viazi.”