Migomba Iliyoshuka Nyikani

Nyumba yetu ya Mtae ilikaa ukingoni kabisa mwa mlima. Kuku wakifukuzana uani, ilibidi uwaombee. Chini ilionekana nyika, tambarare, haina hata kilima cha kumchosha mbuzi. Mume wangu alikuwa akipalilia mahindi mteremkoni, mguu mmoja juu mmoja chini, akiitazama na kusema, "Ardhi yote ile, bure kabisa." Mimi nimeuza ndizi tangu usichana. Nikisikia bure, kwanza naulizia kasoro.

Kasoro ilikuja na lori. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na sisi tukapangiwa huko chini. Mama mkwe wangu hakubishana na mtu. Alichukua jembe akaanza kung'oa machipukizi ya migomba nyuma ya nyumba, pale walipolala mume wake na wakwe zake. Kwetu Shambaai, huko milimani, mtu huzikwa migombani kwake. Kiwanja kisicho na mgomba ni kambi tu.

Dereva alipoona mafungu yale akashika kiuno. "Shikamoo, bibi. Lakini lori hili ni la watu na vyombo. Shamba linabaki."

"Marahaba. Basi mimi niandike chombo," mama mkwe akamjibu, "watu ndio hawa."

Nikaingia kati. Nikamtolea dereva sufuria, akatikisa kichwa. Nikamtolea mkungu wa ndizi mbivu, akatazama pembeni, na hapo nikajua tumeelewana. Kitanda changu kikabaki ili machipukizi yapate nafasi. Nikayahesabu mara mbili wakati wa kupakia, na baada ya kuzunguka kutwa nzima kupitia Mombo, nikayahesabu mara mbili tena wakati wa kushusha. Hakuna lililopungua. Nilijiona hodari kweli.

Bwana shamba wa kijiji kipya alitushauri tupande mtama. Mama mkwe akamshukuru, akapanda migomba. Nilipoleta ndoo ya maji alinishangaa.

"Kumwagilia mgomba? Kwani unaumwa?"

"Mama, huku ni nyika."

"Ukungu utashuka."

Huko juu kweli hakuna aliyewahi kumwagilia mgomba. Ukungu uliingia hadi jikoni bila kubisha hodi, ukalowesha hata kuni. Huku kila alasiri tuliketi mlangoni tukiinua macho. Mawingu yalikuja hadi juu ya ukingo wetu wa zamani, yakasimama kama mteja anayeshika bidhaa, anaigeuza, anairudisha mezani. Mvua tuliiona kwa macho ikinyesha kwenye uwanja wetu wenyewe kule juu. Huku chini lilifika vumbi.

Mama mkwe alipokubali ndoo, kisima kilikuwa kimeshakuwa tope, na foleni yake ilianza kabla jogoo hajawika. Majani yalikunjamana, yakageuka karatasi. Mbuzi wa jirani wakaja kuonja, wakaacha. Hata wao waliona haina faida. Ukabaki mgomba mmoja. Mama mkwe alikaa karibu nao mchana kutwa, ametandaza khanga yake juu ya vijiti kuukinga jua, yeye mwenyewe kichwa wazi.

Siku ulipoanguka aliikung'uta khanga, akajifunga.

"Mwanangu, ukinizika hapa, utakuwa umenizika uani kwa nani?"

"Tutaleta mingine, mama."

"Kwa lori lipi?"

Nikaving'oa vile vijiti, nikavipeleka jikoni.

Hakuugua sana. Aliacha kula kidogo kidogo, kama anayetupunguzia gharama, na kabla ya masika akafariki. Majirani waliouliza wachimbe wapi, mume wangu aliwapeleka nyuma ya nyumba, akayatazama mashimo matupu ya migomba, kisha akasema hapana. Tukampeleka makaburi ya kijiji kando ya barabara, walikolazwa watu wawili tusiowajua hata majina.

Mwenyekiti wa kijiji alinipa mkono wa pole. "Amepata nafasi nzuri," akasema. "Hata gari linafika."

Nikamwitikia, "Ndiyo, mzee."