Nyundo ya Baba Kulwa

Ashukuriwe Mungu aliyetufinyanga kwa udongo, kisha akatuachia udongo huo huo tulime, tufuge na tuchimbe riziki. Amenipa umri wa kuona makosa yangu ya zamani na kuyacheka kidogo. Nashukuru.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokuwa fundi seremala kijana pale Shinyanga mjini. Mzee Sitta, mwalimu mstaafu, alikuwa na makumbusho madogo: vigoda, ngoma, majembe ya kale na vibuyu vya maziwa. Akaniita, akaniambia, "Fundi, nataka chumba kimoja kiwe kama duara. Mtu wa mjini akiingia, ajue mchimbaji anaishije."

Duara ni lile shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Samuye, nilikulia nyuma ya ng'ombe, na shimo refu nililowahi kuingia lilikuwa la choo tulichokuwa tunachimba nyumbani. Lakini sikumuuliza mtu. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; mimi nikajifanya nawajua kunguni wote kwa majina.

Nilifanya kazi kwa bidii, sikatai. Nikapaka matope kwenye magunia, nikayabandika ukutani. Dari nikaishusha mpaka mtu ainame. Yale magogo ya kuzuia udongo, ambayo wachimbaji huyaita matimba, nikayaigiza kwa mbao nyembamba, ndani tupu, nje rangi. Nyuma ya ukuta nikaficha redio ya kaseti. Humo nilikuwa nimerekodi mawe nikiyamwaga juu ya mabati, na rafiki zangu wakipiga mayowe. Nikajiona bingwa.

Vitu vya kuweka ndani alituletea Mama Kulwa, mjane kutoka Bugarama, kule machimboni. Mumewe alifukiwa na udongo duarani wakati wa mvua, pacha wao, Kulwa na Dotto, wakiwa bado wananyonya. Alileta nyundo ya marehemu, imefungwa kwenye kanga. Aliwaahidi wale mabinti, waliokuwa na miaka minane sasa, kwamba watasimama mahali kama pale aliposimama baba yao. Hawakuwa na kumbukumbu yake yoyote. Chumba changu ndicho kingekuwa kumbukumbu.

Nikawaingiza mama na wanawe kabla ya watu wengine, kwa heshima. Kisha nikawasha kaseti.

Watoto walitoka mbio. Dotto alilishika koti langu la kazi, hataki kuachia. Mama yao alibaki ndani kwa muda. Alipotoka hakuwa analia. Aliichukua nyundo akaifunga tena kwenye kanga yake.

"Baba yao alishuka duarani miaka tisa," alisema. "Siku ya udongo ilikuwa moja. Wewe fundi umechagua hiyo moja."

Akawashika mikono wanawe, akaondoka.

Mzee Sitta hakunifokea. Aligonga mbao zangu kwa kidole, tu-tu-tu, kama mtu anayepima nazi. "Umewahi kushuka duarani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi hapa umejenga woga wako, ukaubandika jina la wenzio. Nenda Bugarama. Na usiende na kaseti."

Nilipanda basi asubuhi, moyo mzito. Nikamkuta Mama Kulwa anapepeta mpunga uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kurekodi kilio kingine?"

Niliinamisha kichwa, nikaomba radhi. Alimaliza kupepeta ungo, akanisogezea kigoda. Ndipo nikauliza swali nililopaswa kuliuliza kabla ya kushika msumeno: "Mama, hiyo miaka tisa, alikuwa anafanya nini?"

Uso wake ukabadilika. Mumewe, alisema, ndiye aliyekuwa fundi wa matimba. Kila asubuhi alishuka wa kwanza, peke yake, akagonga gogo moja moja kwa nyundo ile na kusikiliza. Gogo zima hujibu kwa sauti kavu. Lililooza hujibu kwa uzito, kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Akiridhika, aliita juu, "Njooni!" Ndipo wenzake washuke.

"Hata hapa nyumbani," akasema, sasa anacheka, "nikigonga mwiko kwenye sufuria, alikuwa ananiambia, 'Sufuria yako nzima, mke wangu, naweza kushuka kula.'"

Nilirudi nikang'oa kila kitu. Nikatafuta magogo ya kweli saba, sita mazima na moja bovu lisilobeba chochote. Kaseti nikaitupa. Mtu akiingia anapewa nyundo, basi. Agonge, asikilize, alitafute bovu mwenyewe.

Mama Kulwa alikubali kuja, ila alisema atasimama nje. Kulwa akaingia na nyundo ya baba yake, Dotto nyuma akimkosoa: "Sio hilo, gonga la pembeni!" Tukawasikia wanagonga, wananyamaza, wanagonga. Gogo la tano likajibu vibaya. Wakabishana kidogo, wakarudia, wakaliwekea alama ya chaki. Kisha Kulwa akaita kwa sauti kubwa, "Njooni!"

Mama yao akainama, akaingia.

Mwanangu, leo mna mashine za kumulika picha ukutani, na miwani ya kumpeleka mtu asikokwenda. Ni vipaji vya Mungu, vitumieni. Lakini kabla hujachora mstari mmoja, kaa uani kwa mwenye jambo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na furaha yake pia ndiye anayeijua. Usiwape wageni kifo cha mtu ukaacha maisha yake nje. Na ukikosea, panda basi ukaombe radhi. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Mungu akupe sikio la Baba Kulwa, ulitambue gogo bovu kabla ya wenzio kushuka. Akulinde wewe unayesoma, wewe na wa nyumbani kwako, na kazi ya mikono yako iwe mlango wa watu kuingia kwa amani. Amina.