Damu Yangu Ilivyofeli Mbele ya Benchi la Zahanati

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia Ipinda, maana kule wananiongezea hata kilio ambacho sikulia.

Mnanijua. Shule niliacha darasa la nne, nikalima kakao na mpunga, nyumba ya bati nikajenga bila kumwinamia mtu, kwa hiyo mke wangu Tumpe alipokutwa na virusi vya homa ya ini B, na wote nyumbani tukaitwa kupima, mimi nikaonekana mzima, wala sikushangaa (damu yangu naijua). Wakasema nichanjwe sindano tatu kwa miezi kadhaa, halafu wapime kama chanjo imeshika. Tumpe akabeba mto wake, akahamia chumba cha mpunga.

"Mpaka wasome damu yako, baba," akasema. "Sitaki nikuambukize."

Tulichanjwa pamoja na kaka yake, shemeji yangu Anyisile, mwalimu mstaafu tunayekaa naye, mwembamba, kikohozi kila asubuhi. Kila sindano yeye homa na blanketi mchana kweupe. Mimi siku ileile niko shambani na jembe. Nikamtangaza kilabuni: msomi analazwa na sindano, ila damu yangu mimi ina wanajeshi, haina makarani.

Siku ya majibu, benchi la zahanati limejaa. Nesi, binti mgeni wa kutoka Tanga, akaniita kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Pita ndani tuongee."

Ningepita tu, yangeisha. "Marahaba. Soma hapahapa," nikamwambia, "wasikie na wenye homa zao."

"Mzee, haya ni siri yako."

"Siri wanazo wagonjwa."

Akashusha pumzi. "Haya. Kingamwili hazijaonekana. Chanjo haijakushika."

"Zangu kaniambia zipo tele," Anyisile akadakia, hata hakuulizwa.

Nikabisha, tena kwa sauti: itakuwaje, na aliyelazwa na homa ni shemeji? Nesi akasema homa si kipimo, chembe za kinga za kila mtu zinaipokea chanjo kivyake, kuna zinazomkariri adui upesi zikatengeneza kingamwili, kuna zinazoonyeshwa zisishike kitu, na umri na sigara navyo vinachangia. "Utarudia sindano tangu mwanzo, mzee."

"Kumbe, shemeji," Anyisile akasema polepole, kwa sauti yake ya darasani, "hata wanajeshi wako waliishia la nne."

Benchi zima likaangua kicheko. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye kwa mila zetu hatakiwi hata kunitazama, alikuwa kajibanza pembeni na kanga usoni, na kanga ile ilikuwa inatikisika. Mila imemfunika macho vizuri sana, masikio imeyasahau.

Nyumbani nikakuta Tumpe ameshatandika kitanda chetu, na mto wake upo. Nikauchukua, nikaurudisha chumba cha mpunga mwenyewe. Alisema tu, "Ndaga," asante yetu ya Kinyakyusa, sijui ya nini.

Sasa nimeanza upya. Sigara nimeacha, kilabuni nikinywa soda nasikiliza wenzangu. Majibu yakitoka nitaingia ndani na mlango nitaufunga kwa mkono wangu, atakayeyasikia ni Tumpe peke yake, na nyie mkitaka kuyajua, kaulizeni mto umelala chumba gani.