Mwizi wa Kadi Yangu Kule Himo

Niliingia benki hapa Moshi nikifoka kwa sababu walikuwa wamefunga kadi yangu bila kuniuliza. Mke wangu alikuwa nyuma, amekasirika kunizidi.

"Shikamoo babu," binti wa dirishani akasema. "Juzi kadi ilitumika Himo, namba ya siri ikakosewa mara tatu. Tukahofia wizi."

Nikapiga meza. Huyo mwizi afungwe, mimi Himo sijafika tangu nyonga ianze kuniuma, na nyonga yenyewe niliumia nikikata mgomba wa jirani.

Akageuza kompyuta tuone picha ya kamera. Mwizi nilikuwa mimi, nimeegemea mashine, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Mbege ya arusi niliyoalikwa huko juzi ilinisahaulisha yote, namba ya siri na safari yenyewe. Na mke wangu nilimwapia kanisani kwamba pombe nimeacha.

"Tuite polisi, babu?"

"Waite," mke wangu akajibu.