Redio Iliyokuwa Ikikaanga

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye shamba la chai sikupewa kikapu. Nyapara Mkuu, mzee Langat, alinipa redio ndogo ya betri, akanikalisha kwenye kibanda cha mizani. "Nyambura, wewe hutachuma," aliniambia. "Wewe utasikiliza."

Nilidhani ananicheka kwa sababu niliacha shule darasa la sita. Kumbe kazi ilikuwa hiyo kweli. Huku Kericho, msimu wa mvua, radi hupiga karibu kila alasiri, na mawingu hutokea nyuma ya kilima. Huyaoni mpaka yawe juu yako. Mchumaji akisimama katikati ya chai inayomfika kiunoni, hapo hakuna kitu kirefu kumpita.

Fundi wa redio wa kampuni, mtu aliyesomea mambo hayo, alikuja kunifundisha. Alizungusha swichi mpaka chini ya masafa ya kati, yale yaliyotumiwa na stesheni za zamani, akaiacha mahali pasipo na mtangazaji. "Radi nayo ni stesheni," alisema. "Ikipiga inatupa mawimbi kila upande, na nguvu nyingi iko huku chini."

Nikamuuliza mbona redio yangu ya nyumbani hukwaruza usiku hata kama nje kuna nyota. Akasema usiku mawimbi haya hudunda huko juu angani na kusafiri mbali, kwa hivyo unasikia mpaka radi ya ng'ambo ya ziwa. Mchana jua hufanya yamezwe huko huko juu, na yanayokufikia ni ya karibu. "Ikikwaruza mchana, mama, hiyo ni yako."

Sisi tulisema inakaanga. Ikitoa sauti moja moja, polepole, hayo ni mandazi: watu wanaendelea, lakini wanachuma wakielekea barabarani. Ikianza kurukaruka bila kupumzika, hizo ni bisi. Hapo nagonga kipande cha reli kilichoning'inia kibandani, na kila mtu anaacha kikapu na kukimbilia stoo ya mawe. Esther Chepkoech, rafiki yangu, alikuwa anapiga kelele kutoka mistari ya juu: "Nyambura, unatupikia nini leo?"

"Mandazi."

"Basi ongeza sukari."

Miaka yote ya mzee Langat hatukupoteza mtu. Alipostaafu, akaletwa Wesley Chumo. Namtaja kwa jina kwa sababu watu wamezoea kusema "kulitokea ajali", kama ajali haina mwenyewe. Siku ya kwanza alisimama mlangoni pa kibanda, mikono nyuma.

"Hii makelele ni ya nini?"

"Ni radi, nyapara. Bado iko mbali."

"Inachosha watu. Weka FM wasikie salamu."

"FM haisikii radi."

"Ndiyo maana ni nzuri."

Nilimwendea Msaidizi wa Meneja, Bwana Barasa, ambaye alijua vizuri maana ya ile redio. Alikuwa akipiga viatu vyake brashi. "Kila nyapara ana mtindo wake, Nyambura," akasema. "Usinigombanishe na watu." Basi huyo naye namtaja.

Nikaweka FM. Wachumaji wenyewe walifurahi, sitaficha. Sauti ya FM ilikuwa safi, haina hata vumbi. Esther alifurahi kuliko wote. Dada yake aliolewa Mulot, na kila alasiri alingoja kusikia kama ametumiwa salamu. Alasiri ile alishuka na kikapu chake mpaka karibu na kibanda ili asikie vizuri. Mtangazaji akasoma jina lake. Akaniangalia, akacheka, akainua mkono kama vile dada yake anamwona.

Sikusikia mlio. Niliona weupe tu, halafu nikaona mabati ya kibanda nikiwa chini nayaangalia. Esther alikuwa amelala kwenye chai, kikapu bado mgongoni. Sikio langu la kushoto halikurudi tena. Matangani Chumo alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu, na Barasa akaongeza kwamba radi haina ratiba. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia.

Mimi nilistaafishwa kwa sababu ya sikio, kabla umri wangu wa kukaa nyumbani haujafika. Sasa niko Sigor, na redio niliondoka nayo, hakuna aliyeiulizia. Stesheni za masafa ya kati zimebaki chache, lakini radi bado inatangaza. Chumo naye alistaafu akanunua shamba chini ya langu. Tukikutana tunasalimiana.

Wiki jana alikuwa anateremka mtoni kuchukua ng'ombe wake. Mbele yake anga ilikuwa safi kabisa, haina wingu. Akasimama kwenye ua wangu, kofia mkononi. Katika miaka yote alikuwa hajawahi kuniuliza redio inasema nini.

"Nyambura, inakaanga nini?"

Zilikuwa bisi, zimejaa sikio langu zima. Nilimwangalia muda mrefu kuliko inavyofaa kumwangalia mtu. Neno la mandazi lilikuwa tayari mdomoni.

"Bisi," nikasema. "Ingia."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, tukasikiliza mpaka radi ikapiga huko chini mtoni. Hakusema pole, na mimi sikumsaidia kuisema.