Siku Niliyoacha Mpunga Nikapanda Farasi

Niliwahi kuugua malaria ya uongo siku tatu mfululizo, na bibi yangu akaniuguza kweli. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniaibisha kuliko yote, na nikiliweka mwishoni mtasema nilikuwa najipamba kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tano, mzima kabisa, nimejifunika blanketi mpaka puani kwenye lile joto la Kyela, nakunywa maji ya mwarobaini kikombe kizima. Bibi ananifuta uso kwa kitenge kilicholoweshwa, ananiambia, "Jikaze, mume wangu, itapita." Mimi najikaza kweli, ila nisicheke. Siku ya pili nikawa najikaza nisilie. Ugonjwa wenyewe ulikuwa gemu.

Nyie mliokua wakati wetu mnajua nazungumzia nini. Sisi tulikuwa watoto wa mpunga. Kule Ndandalo mpunga ukianza kuwa na maziwa, mtoto huna tena Jumamosi wala likizo. Unakabidhiwa kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaovamia mpunga kwa makundi. Alfajiri unapanda kijukwaa cha miti katikati ya shamba, una debe bovu la kupiga, una kombeo, una rundo la madonge ya udongo, una sauti yako mwenyewe. Mimi mpaka leo nikiongea kwenye simu watu wanaiweka mbali na sikio. Sauti hii imejengwa na ndege.

Bibi alikuwa na kaseti za kwaya ambazo redio ilishazitafuna. Tulichomoa ule utepe tukaufunga mti hadi mti kuzunguka shamba lote. Upepo wa ziwani ukivuma, utepe unatetemeka, unalia vuuu, ndege wanaogopa. Bibi alikuwa anasema ile kwaya imeokoa mpunga kuliko ilivyookoa watu. Mchana analeta chakula kwenye bakuli la bati, ndizi zilizopikwa na mbasa mkavu, samaki wa ziwa letu, tunakula tukiwa tumening'iniza miguu. Tukimaliza namwambia ndaga fijo, yeye ananiambia asante hiyo nitampa vizuri nikianza mshahara. Halafu tunamumunya kakao mbichi, tunatema mbegu kwenye kikapu, maana mbegu ni mali, huli ukazitupa.

Wazazi wangu walikuwa Chunya kwenye dhahabu. Walikuwa wanarudi Krismasi, tena sio kila Krismasi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ni mimi na Bibi, na shamba lile moja. Na shamba lenyewe halikuwa la Bibi hasa. Lilikuwa la marehemu Babu, na mdogo wake Babu, tuliyemwita Babu Mdogo, alikuwa analitolea macho tangu msiba. Kila msimu alikuwa anakuja anazunguka kwenye matuta, mikono mgongoni, anasema kwa upole uleule, "Shemeji, siku ukishindwa useme tu. Shamba halitakiwi kuchezewa." Bibi anamjibu, "Nikishindwa utaona mwenyewe, macho unayo." Sisi tunacheka. Lakini nilijua, na nasema nilijua, kwamba msimu mmoja ukiharibika tu, huyu mzee analichukua.

Sasa Bondeni, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, palikuwa na banda la gemu. Bati juu, mlangoni nailoni nyeusi ya kuzuia mwanga, ndani runinga moja ya chogo na pedi mbili, moja kitufe chake kilikuwa kinanasa mpaka ukipige. Vijana wa leo gemu liko mfukoni, anacheza akiwa chooni. Sisi gemu tulikuwa tunalifuata kwa miguu, saa nzima, nusu saa ukikimbia. Kuingia, mimi nilikuwa namchotea mwenye banda maji madumu manne. Nilichota maji mengi kuliko mvua ya Kyela, na si mnaijua mvua yetu.

Wengine wote walikuwa wanacheza mpira. Mimi na rafiki yangu Ambakisye tuligundua sidii moja iliyochubuka ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka, kwa sababu haikuwa na magoli. Ilikuwa ya jamaa mmoja na farasi wake kwenye nchi kubwa isiyo na mwisho. Hapo ndipo nilipopotea. Yaani hakuna anayekuambia upite wapi! Ukiona mto unauvuka, ukiona mlima unaupanda. Mimi nimezaliwa naiona milima ya Livingstone kila asubuhi, imesimama kule kama ukuta, na sijawahi kufika hata miguuni pake. Kwenye gemu niliona mlima, nikaelekeza farasi, nikaupanda mpaka kileleni, nikasimama juu nikaangalia chini. Nilimaliza nusu saa nzima pale juu nimesimama tu. Watu nyuma yangu wanapiga kelele, "Wewe, si upigane!" Mimi naangalia jua linazama kwenye runinga.

Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Ambakisye alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo tuliamini Kiingereza ni kitu cha kurithi. Yeye ndiye alikuwa anakaa kwenye benchi karibu na mlango ananitafsiria. Yule shujaa tukampa jina la Malafyale, yaani mtemi kwa Kinyakyusa. Amba akasema, "Huyu Malafyale mama yake ni mjane. Yule mwenye kofia ya chuma ni baba yake mdogo, kamnyang'anya mama shamba. Sasa anamtafuta." Mimi damu ikachemka. Miaka mingi baadaye mtoto wa dada yangu akanitafsiria lile gemu vizuri, kumbe hakuna shamba, hakuna mjane, hakuna baba mdogo. Ni habari ya pete. Amba alikuwa anatunga yote palepale kutokana na mambo ya kwetu. Lakini wakati ule niliamini kila neno, na nilimchukia yule mwenye kofia ya chuma kuliko nilivyowahi kumchukia mtu mwenye damu.

Kwa hiyo nikaanza kuiba muda. Ndege nao wana ratiba, kila mtoto wa mpunga anajua. Wanakula alfajiri mpaka kama saa nne, jua likiwa kali wanaenda kupumzika kwenye miti ya mtoni, wanarudi saa tisa. Hapo katikati shamba linajilinda lenyewe. Mimi saa nne na nusu nilikuwa nashuka kijukwaani, mbio Bondeni, madumu manne, napigana, saa nane mbio, saa tisa niko juu napiga debe kama vile sijawahi kutoka. Nilifanya hivyo wiki mbili bila kukamatwa. Nilijiona nina akili nyingi, mwalimu wa hesabu tu ndiye aliyekuwa hajaziona.

Jumamosi ile Bibi alikuwa ameenda mjini kwenye mkutano wa akina mama wa kanisani. Mimi nilikuwa nimefika kwenye pambano la mwisho na yule wa kofia ya chuma. Lile gemu lilikuwa na ubaya mmoja, ukishaingia kwenye ngome yake huwezi kuhifadhi ulipofikia mpaka umshinde. Ukitoka, unarudi nyuma kazi ya siku nne. Jamaa alikuwa na rungu kubwa kama kinu. Lakini nilishamsoma. Kabla hajapiga, bega lake la kushoto linashuka kidogo. Hapo unakinga, unamzunguka, unamkata mara mbili, unarudi. Mara mbili tu. Ukiingiwa na tamaa ya mara ya tatu umekufa. Mimi ni mtu wa tamaa, nilikufa mara saba.

Ndani ya banda hakuna dirisha. Ndio kitu ninachojiambia. Lakini ukweli ni kwamba wakati nakimbia kwenda niliona mawingu. Niliyaona kabisa, yameshuka mpaka yamekaa juu ya migomba. Na mtoto wa mpunga anajua, Bibi alishaniambia nikiwa na miaka sita, siku ya mawingu ndege hapumziki. Hakuna jua la kumkimbiza, anakula kutwa. Nilijua. Nikasema moyoni, nimalize huyu mmoja tu.

Mara ya nane nikamshinda. Kofia ya chuma ikaanguka, akapiga magoti, banda zima likasimama, hata wale wa mpira. Amba akanipiga mgongoni, "Umemrudishia mama shamba lake!" Machozi yalinitoka, nisiwadanganye. Nikatoka nje nikiwa Malafyale kamili. Nje hakuna kivuli hata kimoja, anga yote ya kijivu.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye tuta la kwanza nikaona ndege wananyanyuka kutoka upande wa chini kama moshi wa majani mabichi, wanatua upande wa juu. Na katikati yao Bibi. Kavaa nguo zake za mkutano, tope mpaka magotini, anapiga debe kwa jiwe, na sauti imeshamkauka, mdomo unafunguka lakini hakitoki kitu. Shuke la mpunga lililojaa linainama. Lililoliwa linasimama wima. Shamba lote lilikuwa limesimama wima.

Kabla hajaniuliza nikasema, "Bibi, nilishikwa na homa, nikaenda kulala." Akanishika paji la uso. Nilikuwa nachemka kweli kwa zile mbio. Akaniangalia muda mrefu. Nilijua hapo nachapwa. Akasema, "Kweli unaungua. Twende ukalale, mume wangu." Basi ndiyo zikaanza zile siku tatu za mwarobaini.

Wiki iliyofuata wakaitana wanaukoo uani kwa Babu Mdogo. Nilikaa kwenye mkeka, nyuma ya Bibi. Babu Mdogo hakufoka hata kidogo. Akauliza tu, "Shemeji, ndege waliingiaje?"

Bibi akasema, "Mtoto aliumwa. Zamu ilikuwa yangu. Nilisinzia."

"Ulisinzia mchana?"

"Mchana. Uzee."

Shangazi mmoja akasonya. Bibi yangu ambaye alikuwa hajawahi kusinzia hata kwenye mahubiri! Babu Mdogo akatikisa kichwa kwa huruma nyingi, akasema, "Basi shemeji, umefanya kazi sana. Pumzika sasa." Na wote wakaitikia kama kanisani. Mimi ambaye wiki iliyopita nilikuwa nimewakata watu arobaini kwa upanga kwa ajili ya shamba la mjane wa kutungwa, nilikuwa naangalia ukili wa mkeka. Ningesema neno moja tu. Nilihesabu ukili ule mpaka kikao kikaisha.

Bibi akahamia kibanda nyuma ya nyumba ya Babu Mdogo, akapewa migomba sita na kona ya mihogo. Msimu uliofuata alikuwa anakaa mlangoni anaangalia watoto wa wengine wakifukuza ndege kwenye mpunga wake, na wakichelewa kupiga debe mikono yake inashtuka yenyewe. Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Mpunga ndio ulikuwa unanisomesha. Nikaenda kubeba magunia ya kakao kule Ngana. Huwa nawaambia watu kwamba shule ndiyo iliyoniomba niondoke, nilikuwa nawaharibia wastani, wanacheka. Bibi alikufa miaka minne baadaye. Nilikuwa na miaka minne ya kumwambia. Kila nikienda nilikuwa nampelekea sukari na mbasa, tunataniana, naondoka.

Leo kijana wangu ana umri uleule. Mpunga siku hizi watu wanaufunika nyavu, kijukwaa akikiona anadhani ni cha kupigia picha. Gemu lake lina milima ambayo ukiiangalia unasikia baridi. Nikimwita anaitika mara ya tatu, kachomeka vidude masikioni, dole gumba linakwenda. Mama yake anataka nimfokee. Nikifungua mdomo, ile sauti yangu ya kufukuza ndege inagoma. Namwangalia tu. Hana cha kulinda, gemu lake halimgharimu mtu. Namuonea wivu, na nikishamuonea wivu najichukia jioni nzima.

Mwezi uliopita nilipita kwa Ambakisye, ana duka la kutengeneza simu pale Kyela mjini. Ilikuwa mchana, mvua imetufungia ndani, hakuna mteja. Sijui ilikuwaje, nikamwambia. Malaria, mwarobaini, kikao, yote. Nilidhani atacheka, maana nilisimulia kwa vichekesho, ndivyo ninavyojua kusimulia. Akaweka bisibisi chini.

"Mwenzangu," akasema, "bibi yako alikuja bandani siku ile, akitoka mkutanoni. Alifunua nailoni, akachungulia, akakuona. Nikataka nikuguse bega, akanishika mkono. Akaniuliza, 'Ni yeye huyo anayepigana?' Nikamwambia ndiyo Bibi, yule wa farasi. Akaangalia kidogo, kama anataka kuelewa. Akasema, 'Mwache ashinde kwanza. Na usimwambie nilikuja.' Halafu akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia."